Kutoka Mafunzo ya Awali Hadi Miruko 200: Mwongozo kwa Mrukaji Mpya wa Parachuti

Mafunzo ya awali ya kuruka kwa parachuti huisha mapema kuliko mwanafunzi anavyotarajia. Katika mtaala wa AFF (Accelerated Freefall, yaani mafunzo ya haraka ya kuanguka huru), unaofuatwa na vituo vingi siku hizi, mwanafunzi huanza akiwa ameshikwa na walimu, na baada ya miruko saba au minane anaruhusiwa kutoka mlangoni mwa ndege peke yake. Kuanzia hapo hakuna mtu anayempangia kila sekunde, na ndipo swali la namna ya kuendelea linapoanza kuwa zito. Mwongozo huu unahusu kipindi hicho, tangu kumaliza hatua za AFF hadi kufikia kiasi cha miruko 200. Kipimo ninachotumia ni ngazi za leseni (A, B, C na D) za USPA, chama cha waruka parachuti cha Marekani, kwa kuwa zinafahamika mbali na nchi hiyo. Anayeruka Diani, Dubai, Afrika Kusini au Uingereza hana budi kuzilinganisha na kanuni za kituo chake, na pale zinapotofautiana afuate za kituo.

Ushauri wangu wote unatokana na jambo moja. Mrukaji mpya huiwaza zaidi dakika moja ya kuanguka kabla ya parachuti kufunguka, ilhali fungu kubwa la vifo na majeraha katika taarifa za ajali za kila mwaka huwapata watu ambao parachuti zao zilifunguka vizuri, wakaumia wakati wa kutua. Kwa hiyo, katika miruko hii ya mwanzo, uendeshaji wa parachuti ndio uwe somo la kwanza, na mengine yote yapangwe kulizunguka.

Hatua ya kwanza: kamilisha leseni A bila kukawia

USPA hudai jumla ya miruko 25 kwa leseni A. Mingine huwa ya kuanguka karibu na kocha ili ujifunze kumsogelea mtu hewani, na miwili hufanywa kutoka futi 5,500 na futi 3,500, ambapo mrukaji anatoka na kufungua parachuti mara moja. Ni lazima pia utue ndani ya mita 20 kutoka kwenye alama mara tano, ufungashe parachuti kuu mwenyewe, na ujibu maswali ya mkufunzi. Uingereza mwanafunzi hukamilisha hatua nane za AFF kisha hufanya miruko 10 ya kujiimarisha, pamoja na masomo ya kuendesha parachuti.

Ipange miruko hii ikaribiane. Mwanafunzi wa USPA aliyekaa siku 30 bila kuruka hurudi kwanza mikononi mwa mwalimu, na mwenye leseni A anashauriwa kufanya hivyo akipitisha siku 60. Kwa anayeishi mbali na kituo, kama ilivyo kwa wengi wetu wa Dar es Salaam, Kampala au Kigali, ni nafuu kuweka akiba hadi ipatikane fedha ya kukaa kituoni wiki mbili mfululizo, kuliko kwenda mara moja kila baada ya miezi mitatu na kulipia marudio kila safari.

Andika kila mruko katika daftari lako, na usiishie kwenye tarehe na aina ya ndege. Andika nguvu na mwelekeo wa upepo, kimo ulichofungulia, umbali kati ya mahali ulipotua na alama uliyokusudia, na ulichoamua ukiwa hewani. Kumbukumbu ya umbali wa kutua ndiyo itakayokuonyesha kama unaendelea au unarudia kosa lile lile.

Hatua ya pili: jifunze parachuti kabla ya kujifunza kuanguka

Kila mruko una mpango wa kutua unaotengenezwa ardhini. Kabla ya kupanda ndege, tazama picha ya kituo kutoka juu, uliza upepo wa ardhini na wa juu ukoje, kisha chora njia yako. Mpango wa kawaida wa mrukaji mpya una vipande vitatu. Akifika futi 1,000, yaani mita 300 hivi, anaruka kuufuata upepo kando ya mahali pa kutua. Akifika futi 600 anageuka nyuzi 90 na kuukata upepo. Akifika futi 300 anageuka tena nyuzi 90 ili auelekee upepo, na kuanzia hapo anaruka moja kwa moja hadi chini. Upepo ukiwa mkali, kipande cha kwanza kitakupeleka mbali na cha mwisho kitakuwa kifupi mno, kwa hiyo unapaswa kugeuka mapema, kabla hujaipita alama kwa umbali mkubwa. Upepo ukitulia, kipande cha mwisho hurefuka, na asiyekumbuka hilo huipita alama na kujikuta kwenye uzio.

Jifunze kuangalia kabla ya kugeuka, kwa kichwa kizima wala si kwa macho tu, maana parachuti mbili zinazogongana chini ya futi 1,000 haziwaachii wenyewe nafasi ya kujiokoa. Aliye chini ndiye mwenye haki ya njia. Katika eneo la kutua usizunguke ili kupoteza kimo, hata ukiona umebaki juu sana. Ni afadhali utue mbali kidogo utembee.

Juu ya futi 2,500, muda unaokaa chini ya parachuti iliyofunguka vizuri ni darasa. Baada ya kuangalia pande zote, vuta vishikio vyote viwili vya usukani polepole mpaka uhisi parachuti inakaribia kupoteza nguvu ya kuelea, kisha viachie taratibu. Hapo utajua mwisho wa breki zako uko wapi. Jaribu kugeuka kwa kutumia mikanda ya nyuma ya mabegani, kwa sababu mara tu parachuti inapofunguka, wakati vishikio bado vimefungwa, hiyo ndiyo njia ya haraka ya kumkwepa mtu. Kisha fanya zoezi ambalo mimi naliweka mbele ya yote, la kugeuka bila kuinama: vuta vishikio vyote hadi nusu, halafu achia kimoja kidogo, na parachuti itageuka ikiwa karibu sawasawa bila kupoteza kimo kingi. Lirudie katika kila mruko mpaka mikono ilifanye bila kuulizwa.

Sababu ya msisitizo huo ni ajali inayojirudia duniani kote. Mrukaji yuko mita 20 au 30 kutoka ardhini, anaona ghafla kwamba upepo uko nyuma yake au kuna kikwazo mbele, naye anavuta kishikio kimoja kwa nguvu. Parachuti inainama na kupiga mbizi, na mwili wake unabembea nje kama jiwe la kombeo. Anagonga ardhi akiwa bado anageuka. Lau angelitua bila kugeuka, upepo ukiwa mgongoni, huenda angeburuzwa na kuchubuka tu. Kwa hiyo shika mpangilio huu wa mambo ya kutanguliza: kwanza parachuti iwe sawasawa na iende moja kwa moja, pili uelekee mahali peupe, tatu uvute breki angalau hadi nusu, nne utue kwa kubana miguu pamoja na kujiviringisha ubavuni. Kuuelekea upepo ni jambo zuri, lakini halimo katika manne hayo.

Upepo wenyewe unahitaji kusomwa kulingana na mahali. Hewa iliyopita juu ya kizuizi huvurugika upande wa pili kwa umbali unaoweza kufika mara 10 hadi 20 ya kimo cha kizuizi hicho, na parachuti ikiingia humo inaweza kukunjamana. Katika ufuko kama wa Diani, upepo unapotoka baharini ufuko hupata hewa safi na vurugu hubaki nyuma ya minazi, upande wa bara. Unapotoka bara mambo hugeuka, na mnazi wa mita 15 unaweza kuvuruga hewa mita 150 au zaidi kuelekea majini, yaani pale pale ulipokusudia kutua. Msimu wa kusi, unaovuma kwa nguvu katikati ya mwaka, una siku ambazo mwenye leseni mpya anapaswa kukaa chini hata kama wenzake wanapanda. USPA huweka kikomo cha maili 14 kwa saa, sawa na kilomita 22 hivi, kwa wanafunzi ambao parachuti yao ya akiba, yaani ile ya pili inayofunguliwa kuu ikishindwa, ni ya umbo la bawa. Mwenye leseni hawekewi kikomo hicho, nami nashauri ajiwekee mwenyewe mpaka afikishe miruko 50.

Joto nalo lina athari yake. Hewa ya moto ni nyepesi, hivyo parachuti ile ile hutua kwa kasi zaidi mchana wa Dubai, au katika vituo vya nyanda za juu, kuliko inavyotua kwenye hewa ya baridi ya pwani ya Uingereza. Anayesafiri kutoka kituo kimoja hadi kingine afanye mruko wake wa kwanza huko peke yake, kutoka chini kiasi, ili auone uwanja na kuionja kasi ya kutua.

Ipo kozi maalumu ya kuendesha parachuti, na USPA huidai kwa leseni B, ambayo huhitaji miruko 50. Usingoje mruko wa 49. Ichukue mara tu unapopata leseni A, ukiwa bado unatumia parachuti kubwa na hujajenga mazoea mabaya.

Hatua ya tatu: vijue vifaa na uvikague mwenyewe

Kagua vifaa mara tatu kila mruko: kabla ya kuvivaa, kabla ya kupanda ndege na kabla ya kusogea mlangoni. Tazama mikanda ya miguu na ya kifua, kishikio cha kukatia (yaani kuachilia) parachuti kuu yenye hitilafu, kishikio cha parachuti ya akiba, pini zinazofunga mfuko wa mgongoni, na kama kile kifaa cha kielektroniki cha kufungulia akiba kimewashwa. Ukiwa ndani ya ndege linda vishikio vyako, hasa mlango unapokuwa wazi, kwa kuwa parachuti inayofunguka hapo inaweza kuwadhuru wote waliomo.

Kifaa hicho cha kielektroniki, ambacho kinachojulikana zaidi ni CYPRES cha kampuni ya Airtec ya Ujerumani kilichoanza kuuzwa mwaka 1991, hupima kimo na kasi. Toleo la warukaji wenye leseni hufungua akiba kwenye futi 750 hivi kama bado unaanguka kwa kasi inayozidi mita 35 kwa sekunde. Kimeokoa watu wengi, lakini kinafanya kazi pale ambapo kila kitu kingine kimeshindikana. Kwa kasi ya kawaida ya kuanguka kifudifudi, takriban kilomita 190 kwa saa, mtu aliye futi 3,000 ana sekunde kama 17 tu kabla ya kufika ardhini. Ndiyo maana mwenye leseni A hutakiwa awe amefungua kufikia futi 3,000, na uamuzi wa kuikata parachuti yenye hitilafu uwe umekwisha kufanywa kufikia futi 2,500. Chini ya hapo huna tena muda wa kuchunguza kamba zilizojisokota.

Fanyia mazoezi dharura kila siku ya kuruka, mikono ikigusa vishikio kwa mpangilio. Parachuti iliyofunguka hujibu maswali matatu: ina umbo lake, imetulia, inageuka na kupunguza kasi unapovuta usukani? Jibu likiwa hapana na kimo kinakwisha, kata na ufungue akiba. Acha mahali pake ile kamba inayounganisha parachuti kuu na akiba, ambayo huifungua akiba mara unapokata. Wapo watakaokwambia kwamba wajuzi huiondoa. Hoja zao zinahusu miruko ambayo wewe bado huifanyi.

Ufungashaji wa parachuti kuu jifunze kwa fundi mvumilivu, na ukubali kwamba mara za mwanzo utachukua saa nzima. Hakikisha kamba zimenyooka kutoka mabegani hadi kwenye kitambaa, breki zimefungwa, kitambaa cha mraba kinachopunguza mshtuko wa kufunguka kimesukumwa juu mpaka mwisho, na parachuti ndogo ya kuvutia imetegwa. Akiba haikuhusu: hufungashwa na fundi mwenye cheti, na Marekani ni lazima iwe imefungashwa ndani ya siku 180 zilizopita.

Hatua ya nne: ruka na wengine, wachache na wanaokuzidi

Leseni A inakuruhusu kuruka katika kundi, lakini haisemi na nani. Miruko yako ya mwanzo ya pamoja iwe ya watu wawili, wewe na kocha au mrukaji mwenye uzoefu mkubwa aliyekubali kukufundisha. Ukiweza kumfikia, kutulia mbele yake na kumshika mkono bila kumgonga, na kulirudia hilo katika miruko kadhaa mfululizo, ongeza mtu wa tatu. Mwaliko wa kujiunga na kundi la watu wanane usiowajua ukatae kwa adabu, hata kama ndio wanaokufanya ujione umekaribishwa kituoni.

Kinachokulinda zaidi katika kundi ni namna mnavyoachana. Kwa kundi la watu watano au pungufu, mpango uwe kuachana angalau futi 1,500 juu ya kimo cha juu kabisa ambacho mmoja wenu atafungulia. Ukifika kimo hicho geuka nyuzi 180, nyosha miguu, rudisha mikono nyuma ubavuni na uteleze mbali kwa mstari ulionyooka, kisha angalia juu na pembeni, upunge mikono, ufungue. Kuteleza huku ni stadi inayojitegemea, na inafaa utenge miruko mizima kwa ajili yake, kocha akikutazama kama kweli unakwenda mbali au unashuka tu kwa kasi.

Mpangilio wa kutoka ndegeni uelewe sababu yake. Kwa kawaida makundi makubwa ya wanaoanguka kifudifudi hutoka kwanza, yakifuatwa na madogo, kisha wanaoanguka kwa kichwa au wakiwa wameketi, halafu wanafunzi na wanaobeba abiria. Wanaoanguka kifudifudi huanguka polepole zaidi na hivyo husukumwa mbali na upepo wa juu. Wangetoka nyuma ya wale wa kasi, upepo ungewaleta juu yao. Kadiri upepo wa juu unavyokuwa mkali, ndivyo ndege inayoukabili inavyokwenda taratibu kuelekea mbele, na ndivyo mnavyopaswa kungoja sekunde nyingi zaidi kati ya kundi na kundi. Uliza idadi ya sekunde kabla ya kupanda, kisha uzihesabu mlangoni.

Handaki la upepo, yaani jengo linalopuliza hewa kwenda juu ili mtu aelee ndani yake, husaidia sana hapa. Mruko mmoja hukupa kama dakika moja ya kuanguka, hivyo dakika 10 ndani ya handaki zinatosha miruko 10 ya mazoezi ya mwili. Wanaofanya kazi Ghuba wanayo Dubai na Abu Dhabi. Lakini handaki halikufundishi kimo, kuachana wala kutua, na nimeona watu waliotoka humo wakiwa hodari wa kuelea wakapewa nafasi katika makundi ambayo uendeshaji wao wa parachuti haukuyastahili.

Hatua ya tano: nunua vifaa kwa hesabu

Kodi vifaa mpaka upate leseni A, kisha utafute vilivyotumika ukiwa na fundi wa kukukagulia. Hesabu ya msingi ni uzito unaotoka nao ndegeni, kwa paundi, ukigawanywa kwa futi za mraba za parachuti. Mtu wa kilo 75 aliyevaa vifaa vya kilo 12 ana paundi 192 hivi, kwa hiyo parachuti ya futi 190 humpa uwiano wa 1.0, ambao kwa mwenye leseni A ni mpaka wa kutovuka. Akishawishiwa kununua ya futi 150 uwiano unapanda hadi karibu 1.3, naye ananunua mwendo na wepesi wa kugeuka asioweza bado kuutawala. Mwembamba asijifariji kwa uwiano peke yake, maana parachuti ndogo yenye kamba fupi hugeuka kwa ukali zaidi hata uwiano ukiwa ule ule. Akiba nayo ikutoshe, kwa sababu siku utakayoitumia huenda ukatua mahali usipopachagua.

Usipunguze ukubwa mpaka uweze, kwa parachuti uliyo nayo, kutua kwa miguu siku isiyo na upepo, kutua upepo ukiwa ubavuni, kugeuka bila kuinama karibu na ardhi, na kufika ndani ya mita 10 za alama katika sehemu kubwa ya miruko yako. Ukifanya hivyo yote, shuka saizi moja tu, na mruko wa kwanza uwe wa peke yako.

Hatua ya sita: badilisha jambo moja kwa wakati

Leseni B hudai miruko 50, dakika 30 za kuanguka kwa udhibiti, mara 10 za kutua ndani ya mita 10, na mafunzo ya kutua majini ukiwa umevaa vifaa, ambayo kwa anayeruka karibu na Bahari ya Hindi yangepaswa kuja hata mapema zaidi. Leseni C hudai miruko 200 na dakika 60 za kuanguka. Kamera ya helmeti isubiri hapo, kama USPA inavyoshauri, na suti ya mabawa vilevile, kwa kuwa miruko 200 ndicho kiwango cha chini chake. Kamera inaonekana kitu kidogo, lakini huweza kunasa kamba, na zaidi ya hilo humpa mrukaji kazi ya pili wakati ya kwanza bado haijamkaa mwilini.

Kanuni ninayoishauri hadi huko ni kwamba mruko mmoja ubebe jambo jipya moja. Kituo kipya, parachuti mpya, ndege usiyoizoea, kundi kubwa zaidi na upepo mkali kuliko ulivyozoea, kila kimoja kinahitaji mruko wake. Vikikutana viwili, ahirisha kimoja.

Ukikatizwa na kazi, ugonjwa au ukosefu wa fedha ukapita miezi kadhaa bila kuruka, rudi kwa mwalimu kabla ya kurudi kwa rafiki zako wa kundi. Ning'inia kwenye mikanda ya mazoezi upitie dharura zote, kodi parachuti kubwa kuliko yako, chagua asubuhi yenye upepo mdogo, toka peke yako na ufungue futi 1,000 juu ya kimo chako cha kawaida, kisha utumie muda wote huo wa ziada kuvuta breki na kugeuka kabla hujaingia kwenye njia ya kutua.